Lualaba: Mbwa anaharisha kisha kubadilishiwa chakula, shida iko wapi na nini cha kufanya?

"Mbwa anakulaka yote." Maneno haya yanasikika kila pahali mjini Kolwezi, na mtu akiangalia mbwa wanaozunguka kwenye majalala ya soko anaweza kusadiki. Lakini mbwa wa nyumbani aliyelishwa bukari na ndakala tangu udogo, akipewa siku moja sahani nzima ya kroketi za mfuko, mara nyingi ataharisha kabla ya kesho yake jioni. Na yule aliyezoea kroketi, akirudishwa ghafla kwenye bukari, ataharisha vilevile. Chakula chenyewe kinaweza kuwa kizuri kabisa. Kinacholeta shida ni haraka.

Tumbo la namna hiyo kwa kawaida linatulia ndani ya siku mbili ao tatu, bila sindano na bila kidonge. Hatari inatoka upande mwingine: mwenye mbwa anaingia ndani ya nyumba, anatafuta dawa iliyobaki ya mtoto ao ya bibi yake, anampa mnyama. Ao anasema "ni chakula tu" wakati mbwa ana ugonjwa mwingine ambao hautamngojea siku tatu.

Chakula kinabadilika bila mtu kupanga

Wakati wa Gécamines, mfanyakazi alipata posho ya unga, na mbwa wa kambi ya Musonoi ao ya Luilu alikula mabaki ya posho hiyo hiyo mwaka mzima. Chakula kilikuwa cha shida, lakini hakikubadilika. Leo mambo ni mengine. Tangu Kolwezi iwe mji mkubwa wa jimbo la Lualaba mwaka 2015, nyumba za ukuta mrefu zimeongezeka, na nyuma ya ukuta kuna mbwa wa ulinzi. Mbwa anazaliwa Kapata kwenye bukari, anauzwa akiwa na miezi sita, na usiku ule ule anawekewa kroketi na bosi mpya. Mwaka unapita, mkataba wa bosi kwenye kampuni ya madini unaisha, yeye anarudi kwao, mbwa anabaki mikononi mwa sentineli, ao zamu kama wazee wanavyosema. Kroketi zinaisha siku hiyo, bukari inarudi. Mnyama mmoja, mabadiliko mawili makubwa, na hakuna aliyemtayarisha kwa hata moja.

Kuna pia barabara. Kroketi nyingi zinazouzwa Kolwezi zinatoka mbali, Afrika Kusini hasa, na zinapitia njia moja na unga wa mahindi: Zambia, Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi, mpaka huku. Mwezi wa Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka huo kwa siku chache, na watu wa Haut-Katanga na Lualaba wanakumbuka namna bei za sokoni zilivyoanza kusumbua. Mfuko ukikosekana dukani, mwenye mbwa ananunua mfuko wa namna nyingine ao anapika bukari. Hakuwa na chaguo, lakini utumbo wa mbwa haujui mambo ya mpaka.

Ndani ya tumbo kunatokea nini

Ndani ya utumbo wa mbwa, kama wa mtu, mnaishi vijidudu visivyohesabika vinavyosaidia kusaga chakula. Vile vilivyozoea wanga wa mahindi vinakuwa vingi kwa mbwa wa bukari. Kwa mbwa anayelishwa nyama na mafuta, vingine njo vinakuwa vingi. Chakula kikigeuka kwa siku moja, vijidudu vinavyohitajika ni vichache, na hata maji ya kusagia chakula yanayotoka kwenye kongosho hayajapimwa kwa kazi mpya. Sehemu ya chakula inafika utumbo mkubwa bila kusagwa. Pale inavuta maji, inachacha, inaleta gesi. Hapo tumbo linanguruma, mavi yanakuwa laini ao maji kabisa, na pengine mbwa anatapika mara moja ao mbili.

Watu wengine wanasema bukari si chakula cha mbwa hata kidogo, kwamba yeye ni mnyama wa nyama kama mbwa mwitu. Hilo ni kupita kiasi. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 katika jarida Nature ulionyesha kwamba mbwa, kisha maelfu ya miaka ya kuishi na watu, amepata nakala nyingi za jini linalosaidia kusaga wanga, wakati mbwa mwitu ana mbili tu. Mbwa anaweza bukari iliyoiva vizuri. Asichoweza ni bukari peke yake miezi yote, bila samaki, yai ao kipande cha nyama, kwa sababu atakosa protini na madini ya kujenga mifupa.

Kuna tofauti nyingine ambayo watu wanasahau. Kilo moja ya kroketi ina nguvu mara tatu hivi kuliko kilo moja ya bukari, maana bukari ni maji mengi na kroketi ni kavu. Ndiyo sababu mfuko una maandishi ya kiasi kwa uzito wa mbwa, kwa gramu. Mwenye kumwaga tu mpaka sahani inajaa anamshindilia mnyama. Na kwa ukavu ule, mbwa wa kroketi lazima awe na maji karibu kila saa. Mbwa wa kilo 20 anahitaji zaidi ya lita moja kwa siku, na joto likizidi anahitaji zaidi.

Siku ya kwanza: maji kwanza, chakula kidogo

Mbwa mkubwa aliyeanza kuharisha lakini bado anacheza, anakunywa na anamtambua mwenye nyumba, anaweza kupumzishwa tumbo kwa saa chache, hata kulala usiku mmoja bila kula. Mtoto wa mbwa hapana. Yeye hana akiba mwilini, na kumnyima chakula kutwa nzima kunaweza kumwangusha kuliko kuharisha kwenyewe.

Maji hayakatwi hata saa moja. Wako watu wanaoondoa sahani ya maji wakifikiri wanakausha tumbo; wanachokausha ni mbwa. Yanayofaa ni maji safi, ya bomba la Regideso ao yaliyochemshwa, kidogo kidogo lakini mara nyingi, sababu mbwa anayekunywa bakuli nzima kwa pupa anaweza kuyatapika yote. Chumvi za kurudisha maji mwilini, zile zinazopewa watoto kwenye vituo vya afya, zinaweza kusaidia: sashe moja ndani ya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kama inavyoandikwa, na mbwa anapewa vijiko vichache kila mara. Akikataa, asilazimishwe kwa kumiminiwa kooni. Maji yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Kujua kama amekauka si kazi kubwa. Ngozi ya mgongoni karibu na mabega inavutwa juu kwa vidole viwili kisha inaachiliwa. Kwa mbwa mzima inarudi palepale. Ikibaki imesimama kama hema, ao fizi zikinata kwenye kidole badala ya kuteleza, maji yamekwisha kupungua mwilini na nyumbani si pahali pake tena. Anahitaji munganga wa wanyama.

Chakula cha siku hizo kiwe cha kutuliza. Mchele uliopikwa mpaka ukalainika, vipande viwili ao vitatu vya mchele kwa kipande kimoja cha kuku wa kuchemsha, bila ngozi, bila mifupa, bila mafuta. Kuku wa barafu anatosha. Asiyekuwa na mchele anaweza kupika uji wa mahindi ulioiva sana, bila sukari na bila maziwa, na kuchanganya na yai la kuchemsha. Ndakala zilowekwe kwanza na maji yamwagwe, kwa ajili ya chumvi. Mambo mawili yasiingie kwenye chungu: kitunguu, kibichi ao cha kupikwa, kwa sababu kinaharibu damu ya mbwa, na maziwa, kwa sababu mbwa wengi wakubwa hawawezi kusaga sukari yake na wanaharisha zaidi. Sombe ya mezani, pamoja na mawese na kitunguu chake, ingoje mbwa apone, na hata hapo si chakula chake.

Milo midogo mitatu ao minne kwa siku inashinda mlo mmoja mkubwa. Mavi yakianza kushikamana, chakula hicho kinaendelea siku moja ao mbili zaidi, kisha safari ya kurudi kwenye chakula cha kawaida inaanza.

Dawa za watu, hapo njo mbwa wanakufia

Mtu ana maumivu ya tumbo, anakunywa kidonge, anapona. Anafikiri na mbwa vilevile. Lakini ibuprofen na diclofenac, zinazopatikana kwenye kila kibanda cha dawa Kolwezi, zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake. Mbwa aliyekwisha kukauka kwa kuharisha yuko hatarini mara mbili, kwa sababu figo tayari zinafanya kazi kwa maji machache. Paracetamol inaharibu ini lake. Metronidazole, ambayo watu wengi wanaipa kila tumbo linalosumbua, waganga wa wanyama wanaitumia, lakini kwa kipimo cha uzito. Ikizidi, mbwa anaanza kuyumba kama mlevi na kutetemeka. Kwa kuharisha kunakotokana na chakula peke yake, mara nyingi haihitajiki kabisa.

Dawa za nyumbani nazo si zote salama. Mawese ao maziwa "ya kuzima sumu" hayazimi kitu; mafuta mengi kwenye tumbo linalouma yanaweza hata kuamsha uvimbe wa kongosho, ugonjwa wenye maumivu makali. Chumvi ya kumtapisha mbwa ni mbaya zaidi, inaweza kumuua yenyewe. Makala ya jikoni yaliyosagwa si sawa na makala ya dawa ya famasi: hayana nguvu ile, na yanachafua tu mdomo.

Polepole, juma zima

Kubadilisha chakula bila fujo kunaomba siku saba. Siku mbili za kwanza, robo ya chakula kipya na robo tatu za kile cha zamani. Siku mbili zinazofuata, nusu kwa nusu. Kisha siku mbili za robo tatu mpya, na siku ya saba kipya peke yake. Tumbo likikataa katikati ya njia, mwenye mbwa anarudi kwenye hatua ya nyuma, anakaa pale siku mbili, ndipo anaendelea. Mbwa mzee, ao yule ambaye tumbo lake linasumbuka kila mara, anaweza kuhitaji majuma mawili.

Kwa hiyo mfuko usingojewe mpaka chini. Ukibakia chakula cha juma moja, ndio wakati wa kuanza kuchanganya. Na zamu anayeachiwa mbwa na bosi anayeondoka aombe kitu kimoja mapema, pamoja na kamba na bakuli: nusu ya mfuko. Bosi mwenye kumpenda mbwa wake hatakataa, na ile nusu inatosha kumvusha mnyama kutoka kroketi mpaka bukari yenye samaki.

Siku za sikukuu zina shida yao. Mafuta ya michopo, ngozi ya nguruwe, mabaki ya mbuzi ya watu ishirini yanamwagiwa mbwa mmoja kwa usiku mmoja. Hayo pia ni kubadilisha chakula, tena kwa namna mbaya kuliko zote, kwa sababu mafuta mengi kwa mara moja njo yanaamsha kongosho. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama sindano.

Na kuna unga wa ukungu. Unga ukiharibika wakati wa mvua, ukianza kunuka na kugeuka rangi, watu wengi hawautupi: "huu wa mbwa." Ukungu wa mahindi unaweza kutengeneza sumu inayoitwa aflatoxini, na kuipika hakuiondoi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi ya namna hiyo yaligonjwesha watu 317, na 125 wakafa. Mbwa ni dhaifu zaidi mbele ya sumu hiyo: Marekani, mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021, mbwa zaidi ya 100 waliripotiwa kufa kisha kula kroketi zilizotengenezwa na mahindi yenye aflatoxini. Mbwa aliyekula unga wa ukungu anaanza kwa kukataa chakula na kutapika, kama tumbo la kawaida; siku chache kisha, macho na fizi zinakuwa za manjano, na ini limekwisha. Unga wa kutupa utupwe, na usipewe kuku pia.

Si kila kuharisha ni chakula

Mbwa wa chini ya mwaka mmoja ambaye hakuchanjwa, anayetapika bila kukoma, anayelala tu, na mavi yake ni maji ya damu yenye harufu kali, achukuliwe kama mgonjwa wa parvo mpaka munganga aseme sivyo. Virusi hivi vilijulikana duniani mwishoni mwa miaka ya 1970, na mbwa mdogo asiyetibiwa mara nyingi anakufa ndani ya siku chache. Hapa mchele na kuku havisaidii; anahitaji maji ya mshipa na uangalizi. Virusi vinaweza kukaa kwenye udongo wa uwanja miezi mingi, hata mwaka. Sakafu na bakuli vinaoshwa kwanza kwa sabuni, kisha kwa maji ya javel, kipimo kimoja cha javel kwa vipimo 30 vya maji, na mbwa mwingine mdogo asiletwe kwenye uwanja huo bila chanjo. Chanjo yenyewe inaanza kwenye juma la sita mpaka la nane, na inarudiwa kila majuma matatu ao manne mpaka juma la 16.

Mbwa wa kifua kikubwa, kama berger wa Ujerumani wanaopendwa na makampuni ya ulinzi, wana hatari nyingine: tumbo kujaa hewa na kujizungusha. Mbwa anajaribu kutapika lakini hakuna kinachotoka, tumbo linakuwa gumu kama ngoma, mate yanamwagika. Hapo hakuna kungojea kesho. Ni saa chache tu kati yake na kifo.

Katika mji wa madini, swali la maji haliwezi kuachwa nje. Mbwa anayezunguka bila kufungwa anakunywa pale anapopata: mitaro, mashimo ya Kasulo, vijito ambamo madini yanaoshwa, ziwa Malo. Shaba nyingi mwilini inatapisha na kuharisha, na maji yenye asidi yanachoma mdomo na tumbo. Ikiwa mbwa wa nyumba tatu za jirani wanaharisha kwa wakati mmoja na hakuna aliyebadilishiwa chakula, sababu iko nje ya bakuli, na watu wanaokunywa ao kuoga kwenye maji hayo wajue pia. Sumu ya panya, minyoo, na nyama yenye sumu iliyotupwa na wezi juu ya ukuta ni mambo mengine ya kuulizia.

Munganga wa wanyama atafutwe mapema mbwa akiwa mdogo, akitoa damu ao mavi meusi kama lami, akitapika hata maji, akikataa chakula zaidi ya kutwa moja, ao kuharisha kukipita siku tatu. Wanapatikana mjini, ingawa si wengi, na watumishi wa ufugaji wa serikali wako kwenye teritware pia. Kwa mambo makubwa, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha utibabu wa wanyama, karibu kilometa 300 kwa barabara. Anayekwenda kwa munganga achukue sashe ao karatasi ya kroketi, aseme siku chakula kilipobadilishwa, na asifiche dawa aliyokwisha kumpa mnyama.

Kwa upande wa watu, mavi ya mbwa anayeharisha yaokotwe na kuzikwa mbali na kisima na pale watoto wanapocheza, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mayai ya minyoo ya mbwa yanaingia kwa mtoto kupitia vidole.

Kunabaki ugonjwa mmoja ambao unaweza kuonekana kama shida ya chakula na ambao hausamehe. Mbwa anashindwa kumeza, mate yanatiririka, taya linaning'inia, na mwenye nyumba anafikiri mfupa umekwama kooni. Anaingiza mkono kuutafuta. Hiyo inaweza kuwa kichaa cha mbwa, na mate yale njo yanabeba virusi. Mbwa wa namna hiyo, hasa kama hana chanjo ao amebadilika tabia, asiguswe mdomoni. Afungiwe bila kumkaribia, na munganga wa wanyama aitwe. Mtu aliyeumwa, ao mate yaliyemwingia kwenye kidonda, aoshe pahali pale kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 bila kupunguza, kisha siku ile ile aende kwenye kituo cha afya kuomba chanjo, hata kama kidonda ni kidogo. Dalili zikianza kwa mtu, hakuna tena dawa.